Juu ya Orodha za Maneno ya Kiingereza cha Elimu, na Mwanafunzi wa Masagati

Katika mwaka 2000 Bibi Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria, mjini Wellington katika New Zealand, alitoa orodha ya maneno ya Kiingereza yatumikayo katika maandiko ya elimu ya juu. Orodha hiyo imeenea mbali. Vitabu vingi vya mazoezi vimejengwa juu yake, na mwalimu mwenye simu aweza kuipata katika intaneti bila malipo, akainakili ubaoni. Twaiandikia kurasa hizi kwa sababu yahusu sana shule zetu za bonde la Kilombero. Mtoto wa Masagati, aliyefundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, huingia sekondari akakuta vitabu karibu vyote vimegeuka Kiingereza. Akipewa orodha ya maneno iwe ngazi yake, yatupasa tuitazame ngazi hiyo imeegemezwa wapi, na kama kipandio chake cha kwanza chafikiwa na mguu wa mtoto huyu.

Yafaa kwanza tuieleze kazi yenyewe kwa haki. Bibi Coxhead alikusanya maandiko 414 ya wataalamu, yenye jumla ya maneno yapatayo 3,500,000, katika matawi manne ya elimu: elimu ya mambo ya wanadamu, biashara, sheria, na sayansi. Kisha akayahesabu kwa kompyuta. Neno halikuingia katika orodha kwa kupendwa na mwalimu fulani. Liliingia kwa kuonekana mara nyingi, tena katika matawi yote manne, wala si katika moja tu. Maneno aliyoyapata aliyapanga kwa koo, maana neno moja huzaa mengine. Akapata koo 570, akazigawa katika mafungu 10: tisa yenye koo 60 kila moja, na la mwisho lenye koo 30. Fungu la kwanza ndilo lenye maneno yaonekanayo mara nyingi kupita yote. Hesabu yake yaonyesha kwamba koo hizo hushika kama maneno 10 katika kila 100 ya maandiko ya elimu, bali katika hadithi za kubuni hazifiki hata 2 katika 100. Basi haya ni maneno ya elimu kweli, na aliyeyapanga hakubahatisha. Kwa hayo anastahili shukrani.

Sisi pia tumelelewa na waandika orodha. Mwaka 1894 Madan alitoa kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili. Mwaka 1907 kilipigwa chapa mjini Berlin kitabu cha Hendle juu ya lugha ya Wapogoro, pamoja na kamusi ya Kijerumani na Kipogoro. Mwaka 1939 zikatoka kamusi za Johnson, alizozitengeneza kwa kazi ya Kamati ya Lugha ya Kiswahili. Lakini tuone tofauti. Mmisionari aliyejifunza Kipogoro kwa orodha alikuwa akiishi kati ya Wapogoro. Alipotoka nje ya mlango wake alisikia neno lake likitamkwa na mwanamke kisimani na mtoto njiani. Orodha ilisaidia ukumbusho tu, na kazi ya kufundisha ilifanywa na watu. Mwanafunzi wa Masagati hana msaada huo. Nyumbani asema Kibena au Kindamba au lugha nyingine ya bonde, na kwa wageni asema Kiswahili. Kiingereza hakisikiki sokoni, wala kanisani, wala katika mashamba ya mpunga. Kwake orodha si ukumbusho wa maneno aliyoyasikia. Ndiyo mara ya kwanza kukutana nayo, na mara nyingi ndiyo ya mwisho.

Hali hii si ya jana. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya mafundisho katika shule za msingi za Serikali, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Mwaka 1984 Criper na Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania, wakaona kwamba kama mmoja tu katika kila kumi wa kidato cha nne ndiye aliyefika mahali ambapo mafundisho kwa Kiingereza yangeweza kuanzia. Tufahamu maana ya neno hilo: si mahali pa kumalizia, bali pa kuanzia, tena kwa watu wanaoikaribia siku ya mtihani wao wa mwisho. Miaka mingi imepita tangu kipimo hicho, wala hatusemi kwamba hesabu ni ile ile leo. Lakini mwendo wa mtoto, kutoka Kiswahili cha msingi mpaka Kiingereza cha sekondari, haujabadilishwa.

Huenda msomaji akauliza: Je, mtoto wa mkulima wa Masagati ana haja gani na maneno ya wataalamu? Jibu letu ni kwamba wataalamu wameandika sana habari za bonde lake. Mwaka 1935 A. T. na G. M. Culwick walitoa kitabu kikubwa juu ya Wabena wa mito ya bonde hili, nacho kina sura iliyotungwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Tena Waswisi walianzisha kituo cha uchunguzi mjini Ifakara katika miaka ya 1950, nacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu hapo bonde la Kilombero limekuwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa sana katika Afrika kwa habari za malaria na mbu waletao homa hiyo. Maandiko hayo karibu yote ni ya Kiingereza cha elimu. Watu wetu wametoa damu yao ipimwe, na nyumba zao zitegewe mitego ya mbu. Kilichoandikwa baadaye hawawezi kukisoma. Kwetu sisi hiyo ndiyo haja ya maneno haya, wala si mtihani peke yake: mtoto wa bonde aweze siku moja kusoma yaliyosemwa juu ya bonde lake, akayapima, na ikibidi akayakanusha.

Basi tuyaangalie mapungufu ya orodha hii kwa mtoto huyo, moja moja.

La kwanza ni kwamba orodha hii ni orofa ya pili. Bibi Coxhead aliacha kwa makusudi kila neno lililokuwamo katika orodha ya maneno ya kawaida ya Michael West, aliyepata kuwa mwalimu katika Bengal, na ambaye orodha yake yenye maneno kama 2,000 ilitoka mwaka 1953. Alifanya hivyo kwa kuwa aliwaandikia wanafunzi walio karibu kuingia chuo kikuu, ambao maneno hayo 2,000 wanayo tayari. Naye hakulificha jambo hilo, amelieleza wazi. Hesabu zake mwenyewe zasema kwamba maneno ya West hushika kama 76 katika kila 100 ya maandiko ya elimu, na koo 570 huongeza 10. Mwenye yote mawili ana 86. Asiye na maneno ya West, hata akikariri koo zote 570 bila kukosa, ana 10 tu katika kila 100. Amfundishaye mtoto 'hypothesis' kabla hajajua vema 'although' na 'unless' na 'enough' anaezeka paa penye uwanja mtupu. Kosa hilo si la mtunga orodha. Ni la mwenye kuinakili orodha na kuacha maelezo yake.

Ndani ya pungufu hilo limo jingine lililojificha. Kwa kuwa maneno ya West yameachwa, yameachwa pia yale yenye maisha mawili: nyumbani yana maana moja, na katika elimu yana maana nyingine. Haya ndiyo yamwangushayo mtoto kuliko maneno mageni, maana neno geni humwonya kwamba halijui, bali neno la namna hii hujifanya rafiki. Tutwae 'matter'. Mtoto alijifunza kwamba Mwingereza huuliza kwa neno hilo, "Una nini? Kuna jambo gani?" Afikapo katika somo la fizikia akaambiwa kwamba kila kitu kimefanywa kwa 'matter', atafikiri nini? Kumbe katika shule ya msingi alikwisha kujifunza jambo lile lile kwa neno zuri la Kiswahili, yaani maada, nalo halina maana nyingine ya kumpoteza. Tutwae tena 'solution'. Katika hesabu ni jawabu. Katika kemia ni mmumunyo, kama chumvi iliyoyeyuka majini. Tena 'account': katika swali la historia mtoto huambiwa aeleze sababu za jambo kwa maneno 'account for', naye aweza kudhani kwamba aulizwa habari za fedha za benki. Maneno yote matatu hayamo katika koo 570. Kwa mtunga orodha ni maneno mepesi. Kwa mwanafunzi wa Masagati ndiyo magumu.

Haki yataka tuseme kwamba pungufu hili limeonwa na wengine. Mwaka 2014 Gardner na Davies walitoa orodha yao, iliyohesabiwa katika maandiko ya elimu yenye maneno 120,000,000, nao hawakuyaacha maneno ya West kwa kuwa ya West tu. Ni hatua njema. Lakini maandiko yao ni ya Marekani, na orodha yao ina maneno kama 3,000. Mwalimu mwenye darasa kubwa na vitabu vichache hataweza kuibeba nzima.

Pungufu la pili latokana na asili ya maneno yenyewe. Katika koo 570, zaidi ya 82 katika kila 100 zina asili ya Kilatini au Kiyunani. Kwa Mfaransa au Mhispania huo ni urithi: alionapo 'establish' au 'vary' aliona neno la nyumbani kwake lililovaa nguo za ugenini. Mapadre wetu waliopitia seminari na kujifunza Kilatini waliupata mlango huo huo, na bila shaka wengi wao waliona Kiingereza cha vitabu kuwa chepesi kuliko Kiingereza cha mazungumzo. Lakini mwanafunzi wa shule ya kata hana Kilatini. Akiona 'derive' na 'indicate' na 'constitute' hana shina la kushika; kwake ni sauti tupu.

Je, hana kitu kabisa? Anacho, nacho hakitumiwi. Yeye ni mtu wa lugha za Kibantu, na mtu wa lugha hizo ajua kwa kuzaliwa kwamba maneno yana ukoo. Hakufundishwa na mtu kwamba chunguza, uchunguzi, mchunguzi, chunguzwa na chunguzika ni watoto wa nyumba moja; aliyajua kabla ya kushika kalamu. Basi mwalimu na aanzie hapo. Aandike pima, kipimo, mpimaji, upimaji. Kisha kando yake aandike ukoo wa Kiingereza, aonyeshe mahali unapofanana na mahali unapotofautiana. Kiswahili hubadili kichwa cha neno na mkia wake pia, ndiyo maana jicho letu limezoea kulitafuta shina katikati. Kiingereza cha elimu aghalabu hushika kichwa na kubadili mkia: 'analyse', 'analysis', 'analytical'. Jicho likishaelekezwa, ukoo waonekana.

Sikio ni shida zaidi. Katika Kiswahili mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio letu halikulazimishwa kuutafuta mahali pengine. Katika maneno matatu tuliyoyataja, Mwingereza hutia mkazo silabi ya kwanza katika neno la kwanza, ya pili katika la pili, na ya tatu katika la tatu. Mtoto ayaonaye kwenye karatasi ayatambua kuwa ndugu. Ayasikiapo mdomoni mwa mwalimu, ni wageni watatu. Orodha ya karatasi haisemi neno juu ya jambo hili, wala daftari la mwanafunzi halisemi. Basi orodha isiyosomwa kwa sauti haijafundishwa bado.

Pungufu la tatu si la orodha, bali la daftari. Wengi wetu twalijua daftari lile: mstari umepigwa katikati ya ukurasa, upande mmoja neno la Kiingereza, upande mwingine neno moja la Kiswahili, na mwisho wa juma mtoto huulizwa. Madan na Johnson hawakufanya hivyo. Kamusi zao humpa msomaji maana kadhaa za neno moja, na mara nyingi mfano wa matumizi yake, kwa sababu walijua kwamba neno la lugha moja halilingani na neno la lugha nyingine kama senti na senti. Daftari limeyakata yote hayo, likabakiza ganda.

Mfano ni 'period'. Mtoto alijua kuwa ni kipindi katika ratiba ya shule. Katika historia ni enzi au muda wa miaka mingi. Katika kemia ni mstari mmoja wa jedwali la elementi. Mfano wa pili ni 'factor'. Katika shule ya msingi alijifunza vigawo, akatafuta kigawo kikubwa cha shirika. Basi 'factor' ya hesabu anaijua, ila hajui kwamba anaijua. Katika historia huulizwa juu ya 'factors' zilizoleta Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, vilivyofika mpaka boma la Mahenge. Hapo neno si kigawo tena. Ni sababu mojawapo kati ya nyingi zilizosaidiana. Lakini angalia jinsi maana mbili zinavyoshikana: vigawo viwili vikizidishwa pamoja hufanya hesabu moja, na sababu nyingi zikishirikiana hufanya tukio moja. Mwalimu akilionyesha hilo, mtoto hatalisahau. Daftari lenye neno moja kwa neno moja haliwezi kumwonyesha.

Mfano wa tatu wagusa uhai wa watu wetu. Katika kijiji cha Idete, humu humu bondeni, watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 5 walijaribiwa chanjo ya malaria iitwayo SPf66, na habari zake zilitolewa katika gazeti la waganga liitwalo The Lancet mwaka 1994. Waandishi walikadiria kwamba chanjo ilizuia 31 katika kila 100 ya homa za malaria ambazo zingetokea. Lakini walionyesha pia kwamba ukweli ungeweza kuwa popote kati ya sifuri na 52. Majaribio mengine, yaliyotangazwa kwa Gambia mwaka 1995 na kwa Thailand mwaka 1996, hayakuona kinga. Sasa, maneno mawili yatumikayo katika habari za namna hii yamo katika fungu la kwanza la orodha ya Bibi Coxhead: 'estimate' na 'significant'. Katika daftari la mwanafunzi 'significant' ni "muhimu". Akisoma kwamba tofauti kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa ni 'significant', atafahamu kwamba tofauti ni kubwa na chanjo ni muhimu. Sivyo. Katika maandiko ya namna hii neno hilo lamaanisha kwamba tofauti iliyoonekana haielekei kuwa ya bahati tu. Yaweza kuwa ndogo, yaweza hata kukanushwa kesho na jaribio jingine, kama ilivyotokea. Na 'estimate' ni kadirio, lenye mipaka yake kila upande, wala si kipimo kilichokwisha kuthibitishwa. Mzazi au mganga asomaye maneno hayo kwa maana ya daftari amepotoshwa, ijapokuwa alipata alama zote katika jaribio la msamiati. Hapo twaona kwamba kulijua neno nusu kwaweza kumdhuru mtu kuliko kutolijua.

Wako wasemao kwamba kazi yote hii ni bure, na kwamba dawa ni moja tu, yaani kufundisha sekondari kwa Kiswahili. Hoja yao si nyepesi. Tume ya Makweta ilishauri hivyo mwaka 1982, ikataka mabadiliko yaanze mwaka 1985, na Serikali haikulifuata shauri hilo. Roy-Campbell na Qorro waliandika kitabu mwaka 1997 kuonyesha jinsi elimu inavyopotea katika lugha isiyofahamika. Tena Kiswahili hakikukaa bila maneno: maada, kani, nishati, mmumunyo, usanisinuru, yote yapo, na mengine mengi. Mwenye kusema kwamba lugha yetu haiwezi kubeba sayansi hajavisoma vitabu vya shule ya msingi.

Walakini twaona mambo mawili. La kwanza, mtoto aliyeingia kidato cha kwanza mwaka huu hawezi kungoja shauri la wakubwa. Kitabu kilicho mbele yake ni cha Kiingereza. La pili, hata lugha ya mafundisho ikibadilishwa, maandiko ya Ifakara na ya dunia yatabaki katika Kiingereza, na mwana wa bonde atahitaji ufunguo wake. Kwa hiyo hatuoni ugomvi kati ya Kiswahili na maneno ya Kiingereza cha elimu. Ugomvi tunaouona ni huu: shule nyingi humfungia Kiswahili nje ya lango, zikaandika ukutani kwamba ni marufuku, kana kwamba mtoto atajifunza lugha mpya upesi zaidi akisahau aliyo nayo. Kumbe maada ndiyo imwelezayo 'matter', na vigawo ndivyo vimwelezavyo 'factor'. Mtu avukaye mto hauchomi mtumbwi wake akiwa katikati ya maji.

Basi orodha ifaayo Masagati ingekuwaje? Twatoa shauri kwa ufupi.

Kwanza, mwalimu apime maneno 2,000 ya kawaida kabla ya kugusa koo 570, na mwaka wa kwanza wote uwe wa hayo. Pili, atenge ukurasa wa maneno yenye maisha mawili, kama 'matter', 'solution' na 'account', kila moja pamoja na somo lake. Tatu, achukue koo za elimu kwa utaratibu wa mafungu, wala asizimwage zote pamoja. Aliye na miaka minne, na majuma kama 39 ya masomo kila mwaka, akigawa koo 570 atapata koo zisizofika nne kwa juma. Hata akianza mwaka wa pili, hazifiki tano. Haba na haba hujaza kibaba. Nne, kila neno lipewe Kiswahili chake, si kimoja bali vyote vinavyohitajika, na kila maana ipewe sentensi.

Na sentensi zitoke bondeni. Neno 'source' lisielezwe kwa mto wa Uingereza. Mto Kilombero hukusanya maji ya Mnyera na Ruhudji na Mpanga. Kila mto una chanzo chake. Vile vile habari ina chanzo, na historia ina vyanzo, na Kiswahili chatumia neno lile lile kwa yote matatu kama Kiingereza kifanyavyo. Huo ni utajiri wa bure. Neno 'distribute' lielezwe kwa mambo mawili: ugawaji wa vyandarua kijijini, ambao ni kazi ya watu, na mtawanyiko wa mbu katika bonde, ambao si kazi ya mtu. Neno 'estimate' lielezwe kwa mkulima atazamaye shamba la mpunga kabla ya kuvuna, akasema litatoa magunia kadha wa kadha. Wote wajua kwamba amekadiria, na wote watangoja mizani. Mtoto aliyeelewa hivyo atasoma habari za Idete kwa macho mengine.

Hukumu yetu juu ya orodha ya Bibi Coxhead ni hii: ni kazi ya uaminifu, nayo yamfaa aliyekusudiwa. Mtoto wetu hakuwa mbele ya macho yake, wala hakudai kwamba alikuwako. Yeye alihesabu maneno yaliyo mengi vitabuni. Haikuwa kazi yake kuhesabu yale yamkwazayo mtoto wa bonde la Kilombero, na hesabu hiyo haiwezi kufanywa Wellington. Yaweza kufanywa na mwalimu wa Masagati, wa Utengule, wa Mlimba au wa Ifakara, asahihishaye madaftari kila jioni na kuona neno lile lile likikosewa na watoto ishirini kwa namna moja.

Kwa hiyo twawaomba walimu wasomao kurasa hizi, kila mmoja katika shule yake, waandike kwa mwaka mzima kila neno la Kiingereza lililowakwaza wanafunzi, somo lilimotokea, maana waliyoidhania, na Kiswahili kilichowafungua. Wasiandike wanayodhani yangekuwa magumu, bali waliyoyaona. Maandishi hayo ya shule chache yakikutanishwa na kulinganishwa, tutakuwa na orodha ndogo, pengine ya maneno mia tatu au mia nne, iliyohesabiwa kama Bibi Coxhead alivyohesabu, ila kwa kumtazama mtoto aliye mbele yetu.